Chumvi, Figo na Presha ya Mjini

Mhadhara wa hadhara, Kagarama, Wilaya ya Kicukiro, Kigali

Nitazungumza Kiswahili. Nimeambiwa humu wamo majirani kutoka Bukavu na Bujumbura, na wamo madereva ambao kesho alfajiri wanaelekea mpaka wa Rusumo. Kwa hiyo tutaelewana.

Nianzie Kisii. Mwaka 1929 jarida la madaktari la Uingereza, Lancet, lilichapa makala ya daktari aliyeitwa C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi ya Kenya. Kwa miaka miwili hospitali yake ilikuwa imelaza wagonjwa wapatao 1,800, na miongoni mwao hakumkuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Akaamua kuwapima na watu wazima wasio wagonjwa, kama 1,000 hivi. Presha ya vijana ilifanana na ya vijana wa Ulaya. Lakini kuanzia miaka 40, umri ambao presha ya Mzungu inazidi kupanda, ya watu hawa ilielekea kushuka.

Sasa njooni nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Rwanda mwaka 2012 na 2013, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, ulikuta asilimia 15.3 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Kati ya Donnison na uchunguzi huo haikupita hata karne moja. Ni vizazi vitatu au vinne tu. Damu ya ukoo haibadiliki kwa muda mfupi namna hiyo. Babu yako wa 1929 na wewe mna figo za aina moja, moyo wa aina moja, na homoni zilezile. Basi kilichobadilika ni kile tunachozilisha homoni hizo, na jibu langu la jioni hii ni kwamba homoni zinazoongoza presha yetu ziliumbwa kulinda chumvi isipotee. Hazijawahi kufundishwa kuishi mahali ambapo chumvi imejaa hadi kwenye mkate.

Homoni ninazozungumzia karibu zote ni peptidi. Chukua uzi, utunge shanga. Kila shanga ni asidi amino, na mwili wetu unatumia aina 20 za shanga hizo. Ukitunga mamia unapata protini kubwa, kama ile inayojenga misuli. Ukitunga chache, nane, tisa, ishirini na moja, unapata peptidi. Kiungo kimoja kinaiachia katika damu, nayo inakwenda kutoa amri kwenye kiungo kingine kilicho mbali. Insulini, ambayo wenye kisukari wanaijua vizuri kuliko mimi, ni ya ukoo huo. Amri iko katika mpangilio: ondoa shanga mbili mwishoni, na peptidi iliyokuwa bwege inageuka kuwa kali. Mtaona hivi punde kwamba huu si mfano wa mapambo tu.

Ugunduzi wenyewe ulianza na sungura. Mwaka 1898, katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Robert Tigerstedt, mzaliwa wa Finland, pamoja na mwanafunzi wake Per Bergman, walisaga figo za sungura, wakachuja maji yake, wakamdunga sungura mwingine mshipani. Presha ya huyo sungura ikapanda. Wakarudia, mara hii wakitenga tabaka la nje la figo na nyama ya ndani. Lile la nje ndilo lililofanya kazi. Kitu hicho wakakiita renini, wakaandika makala yao, na dunia ya udaktari ikawapuuza kwa zaidi ya miaka 30. Huwa najiuliza ni watu wangapi walikufa kwa kiharusi katika miaka hiyo wakati jawabu limelala kwenye rafu ya maktaba.

Aliyeamsha jambo hilo ni Harry Goldblatt, wa Cleveland nchini Marekani, mwaka 1934. Alimbana mbwa mshipa unaopeleka damu kwenye figo, bila kuuziba kabisa. Presha ikapanda, ikakaa hukohuko. Figo iliyonyimwa damu ilikuwa inalalamika, na mwili mzima ulikuwa unalipa. Kufikia 1940 makundi mawili yasiyofanya kazi pamoja, la Irvine Page Marekani na la Eduardo Braun-Menéndez mjini Buenos Aires, yalikuwa yameona kwamba renini yenyewe haibani mshipa wowote. Renini ni mkasi tu. Inakata protini iliyomo katika damu, na kipande kinachokatwa ndicho kinachobana. Kipande hicho leo kinaitwa anjiotensini.

Mwaka 1956 mtungo wake ulisomwa katika maabara mbili tofauti. Marekani, Leonard Skeggs na wenzake walitumia damu ya farasi. London, D. F. Elliott na Stanley Peart walitumia damu ya ng'ombe. Umbo lake kali lina shanga nane. Ya farasi na ya binadamu ni sawasawa. Ya ng'ombe inatofautiana na yetu kwa shanga moja, ile ya tano. Katika nchi hii, ambapo ng'ombe wa inyambo wanatungiwa mashairi ya sifa, nimeona ni haki yenu mjue kwamba kati yenu na ng'ombe, katika jambo hili zito la presha, kuna shanga moja tu. Lishikeni hilo jina la Peart, maana tutakutana naye tena mahali msipomtarajia.

Mwilini mambo yanakwenda hivi. Ini linatengeneza protini ndefu iitwayo anjiotensinojeni, nayo inazunguka katika damu bila kazi. Ndani ya figo, kwenye ukuta wa kila mshipa mwembamba unaoingia katika vichujio vyake, kuna chembe zinazopima. Zinapima damu inasukuma kwa nguvu gani. Zinapokea habari za chumvi inayopita kwenye mrija wa figo. Zinasikiliza pia mishipa ya fahamu inayotoka ubongoni. Presha ikishuka, au chumvi ikipungua, au mtu akishtuka, chembe hizo zinamwaga renini. Renini inakata shanga 10 kwenye ncha ya ile protini ya ini. Kipande hicho ni anjiotensini ya kwanza, na peke yake karibu hakina nguvu. Damu inakipeleka mapafuni, ambako utando wa ndani wa mishipa midogo una kimeng'enya kinachoondoa shanga mbili za mwisho. Zinabaki nane. Hiyo ni anjiotensini ya pili, na hiyo haina mzaha.

Inabana mishipa midogo ya mwili mzima kwa sekunde chache. Inaiamuru tezi iliyokaa juu ya figo itoe aldosteroni, homoni ambayo si peptidi lakini ndiyo inayozuia chumvi isiondoke na mkojo. Inaiamuru figo yenyewe iirudishe chumvi ndani. Inakwenda ubongoni kuleta kiu, na huko inaamsha vasopresini, peptidi ya shanga tisa, ili maji nayo yasipotee. Kisha inaigeukia renini iliyoizaa na kuinyamazisha. Kazi yote hiyo inafanywa na kitu ambacho katika damu hakiishi hata dakika chache kabla ya kukatwakatwa.

Ukiitazama orodha hiyo ya amri utaona imetungwa kwa ajili ya nani. Ni ya mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Ni ya mtoto anayeharisha. Ni ya mchungaji aliyekwama juani mwezi wa Agosti na kibuyu kitupu. Kwa watu hao anjiotensini ni mkombozi, na sisi tulioko hapa ni uzao wa waliokombolewa. Katika ukanda huu wa maziwa makuu chumvi ilikuwa mali. Ilichotwa Katwe, kwenye ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno upande wa Uganda, ikabebwa vichwani hadi huku Rwanda na hadi Kongo. Uvinza, jirani na Mto Malagarasi nchini Tanzania, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Waliokuwa mbali na chemchemi walichoma majani ya kinamasi, wakachuja majivu yake, na chumvi waliyoipata humo mara nyingi ilikuwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Mwili uliokulia katika uchache huo hujifunza kubana. Haumlaumu mtu kwa kutumia chumvi nyingi, kwa sababu haujui kwamba kuna kitu kama chumvi nyingi.

Turudi magharibi ya Kenya, zaidi ya nusu karne baada ya Donnison. Watafiti wa London na wa Nairobi walitaka kujua presha inaanza lini hasa. Tafiti nyingi za kabla yao zilikuwa zimepima watu wa kijijini, zikapima wa mjini, zikalinganisha. Lakini pengine hao ni watu tofauti tangu mwanzo, pengine wenye presha ndio wanaopenda kuhama. Hawa walifanya kazi ngumu zaidi. Waliwafuata watu walewale. Waliandikisha Wajaluo 325 waliotoka vijijini, upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, wakahamia Nairobi, na pamoja nao wengine 267 waliobaki nyumbani. Wakawapima presha, uzito, mapigo ya moyo na mkojo, tena na tena, wengine hadi miaka miwili.

Haikuchukua miaka. Presha ya waliohamia mjini ilikuwa imeshaipita ya wenzao wa kijijini katika miezi ya mwanzo kabisa. Haikuwa hadithi ya watu wachache waliougua. Kundi zima lilisogea juu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imeongezeka na potasiamu imepungua. Maana yake ni kwamba walikuwa wanakula chumvi zaidi, na mboga, viazi na matunda kidogo. Moyo wao nao ulikuwa unapiga haraka zaidi, jambo linaloonyesha kwamba mishipa ya fahamu ilikuwa imeamka. Matokeo yalichapwa na jarida la madaktari la British Medical Journal mwaka 1990. Katika orodha ya waandishi, pamoja na Neil Poulter na Profesa Mugambi wa Kenya, limo jina la Stanley Peart. Mtu yuleyule aliyesoma shanga za ng'ombe mwaka 1956. Kutoka chupa ya maabara hadi mwanakijiji anayeshuka basini Nairobi: sijui mwanasayansi mwingine ambaye kazi yake imeziunganisha ncha mbili za jambo hili namna hiyo, na nashangaa kwamba shuleni hatufundishwi habari zake.

Naisema habari ya Wajaluo hapa Kagarama kwa makusudi. Sensa ya 2012 iliwakuta watu milioni 1.1 katika Jiji la Kigali. Ya 2022 ikawakuta milioni 1.7. Si wote waliozaliwa hapa. Wako walioshuka kwenye stendi yetu ya Nyanza na begi moja, wakitoka Bugesera. Kijijini mtu alikula maharagwe, viazi vitamu, ndizi, isombe ya majani ya muhogo. Vyakula vyenye potasiamu tele, na potasiamu ni rafiki wa figo kwa sababu inaisaidia kuitoa sodiamu. Mjini asubuhi ni chai na mkate. Mchana ni chipsi, na chumvi inanyunyizwa kabla mlaji hajaonja. Jioni ni burusheti, yaani mshikaki, iliyolala kwenye chumvi, au mchuzi uliotiwa chumvi ya kijiko na juu yake vile vidonge vya kuongeza ladha, ambavyo navyo kwa sehemu kubwa ni chumvi iliyovaa rangi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe iliyomo kwenye mkate. Na mkate wenyewe hauna hata ladha ya chumvi! Nawaomba wapishi wa humu ndani msinichukie.

Hapa nafika kwenye fundo la mhadhara wangu, na naomba tulifungue polepole.

Kama renini ndiyo inayoanzisha vurugu, mtu angetegemea kwamba mwenye presha atakuwa na renini nyingi. Kwa watu wengi wenye asili ya Kiafrika ni kinyume: presha iko juu na renini iko chini. Jambo hilo limepimwa Marekani, limepimwa Karibiani, limepimwa Afrika. Ukikumbuka nilivyosema kuhusu chembe zinazopima, halitakushangaza. Figo iliyojaa chumvi haina sababu ya kuita renini; imeshiba. Presha inapanda kwa sababu chumvi imebaki ndani, maji yameifuata chumvi, na mishipa imejaa. Figo za wengi wetu zinaishika sodiamu kwa ukaidi hata pale homoni zilipokwisha kunyamaza. Baadhi ya wenzangu wanalieleza hilo kwa rangi ya ngozi, wakaishia hapo. Mimi naona rangi ni njia ya mkato iliyochoka. Wako Wazungu wengi wenye renini ya chini, hasa wazee, na wako Waafrika wengi wenye renini ya juu. Tungekuwa na uwezo wa kuipima renini ya kila mgonjwa kwenye kituo cha afya, tusingehitaji kutazama ngozi ya mtu yeyote. Uwezo huo hatuna bado, na ndiyo maana uchaguzi wa dawa unategemea hesabu ya kundi.

Kuhusu dawa, kuna hadithi ya nyoka. Nchini Brazil yuko nyoka aitwaye jararaka, ambaye akimuuma mtu presha inaanguka. Mwaka 1949 Maurício Rocha e Silva na wenzake waligundua kwamba sumu hiyo inaifanya damu itoe peptidi ya shanga tisa inayolegeza mishipa. Waliiita bradikinini. Katikati ya miaka ya 1960 Mbrazili mwingine, Sérgio Ferreira, aliona kwamba ndani ya sumu hiyohiyo mna peptidi nyingine ndogo zinazoilinda bradikinini isikatwe. Akaichukua sumu akaenda nayo London kwa John Vane. Huko, kidogo kidogo, ikadhihirika kwamba kimeng'enya kinachoiua bradikinini ni kilekile cha mapafuni kinachoizaa anjiotensini ya pili. Mkasi mmoja, kazi mbili: unaharibu kinacholegeza mishipa na kutengeneza kinachoibana. Ukiuzuia, umepata faida mara mbili. Peptidi ya nyoka ilifanya kazi kwa sindano tu, haikufaa kumezwa. Wataalamu wa kampuni ya Squibb ya Marekani, David Cushman na Miguel Ondetti, waliisoma, wakaiiga sehemu yake muhimu kwa umbo dogo sana, na mwaka 1975 wakapata kidonge. Ni kaptoprili, iliyopewa kibali Marekani mwaka 1981. Enalaprili na lisinoprili ni wadogo zake.

Mnaomeza dawa hizo mkapata kikohozi kikavu kisichoisha, sasa mnajua kinatoka wapi: ni ile bradikinini isiyokatwa, inayojikusanya. Hamjarogwa, na si kifua kikuu. Mwambieni daktari abadilishe. Losartani, iliyoingia sokoni mwaka 1995, haizuii mkasi huo wa mapafuni. Inaiacha anjiotensini itengenezwe na kuifungia mlango kule inakokwenda, kwa hiyo kikohozi kinakuwa nadra. Kuna jambo moja la kuogopa zaidi ya kikohozi. Mdomo, ulimi au koo kuvimba baada ya kumeza dawa za ukoo wa kaptoprili ni hatari, linatokea zaidi kwa watu weusi, na mtu wa namna hiyo anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Je, dawa inayomzuia mtoto wa renini itafanya kazi gani kwa mtu ambaye renini yake imelala? Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu mwaka 2019, na safari hii majaribio yalifanyika kwetu. Watafiti wa nchi sita, Nigeria, Kamerun, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini, waliwagawa wagonjwa 728 katika makundi matatu. Kila kundi lilipewa dawa mbili kwa pamoja: la kwanza amlodipini na haidroklorothiazaidi, la pili amlodipini na perindoprili, la tatu perindoprili na haidroklorothiazaidi. Perindoprili ni ya ukoo wa kaptoprili. Amlodipini inalegeza misuli ya mishipa bila kuhusika na renini, na haidroklorothiazaidi inaisukuma chumvi itoke na mkojo. Kila mgonjwa alivaa mashine mkononi saa 24 ili presha ya usiku na ya mchana zionekane. Baada ya miezi sita makundi mawili yenye amlodipini yalikuwa yamelishinda la tatu kwa takribani milimita 3 za zebaki.

Milimita 3! Mtu atasema huo ni upuuzi, kipimo chenyewe kinacheza zaidi ya hapo ukipanda ngazi. Kwa mtu mmoja ni kweli ni kidogo. Kwa taifa zima ni viharusi vingi ambavyo havitatokea. Na linalonifurahisha mimi zaidi ya hizo milimita ni kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tunaandikiwa dawa kwa hesabu za watu wa Ulaya na Marekani, na hapa hesabu ilitoka kwa wagonjwa wa Afrika wenyewe. Rwanda haikuwemo, najua. Figo haziulizi pasi ya kusafiria.

Naomba sana mtu asitoke hapa akaenda kuitupa lisinoprili yake. Mwenye kisukari ambaye protini inavuja kwenye mkojo, au mwenye moyo uliochoka, dawa hizo zinamlinda figo na moyo hata kama zinashusha presha kidogo tu. Renini ya chini katika damu haina maana kwamba anjiotensini haifanyi uharibifu ndani ya viungo vyenyewe. Na mama mjamzito, au anayetaka mimba, asiziguse kabisa, yeye na losartani pia, kwa sababu zinaharibu figo za mtoto tumboni. Huyo anapewa methilidopa au nifedipini.

Mpaka sasa nimesema habari za peptidi zinazobana na kushika. Haki ya moyo bado. Tulizoea kuamini moyo ni pampu na kazi yake imeishia hapo. Lakini tangu miaka ya 1950 hadubini kali za elektroni zilionyesha punje ndogo ndani ya vyumba vya juu vya moyo, zinazofanana na punje za tezi. Moyo unahitaji punje za tezi za nini? Adolfo de Bold, Muargentina aliyehamia Kanada, aliona punje hizo zinaongezeka na kupungua kulingana na maji na chumvi anayopewa mnyama. Mwaka 1981 yeye na wenzake walichapa matokeo ya jaribio ambalo lingeweza kufanywa na Tigerstedt: walisaga nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakamdunga panya mwingine. Panya huyo alianza kukojoa kwa wingi, na chumvi iliyotoka ilizidi mara 30 kiwango chake cha kawaida. Presha ikashuka. Moyo ulikuwa umekamatwa ukitoa homoni.

Peptidi hiyo ina shanga 28. Damu ikijaa mno na kuta za moyo zikanyooshwa, moyo unaituma iende kuifungulia figo milango, ilegeze mishipa, na kuizima renini na aldosteroni kwa mpigo. Nduguye, yenye shanga 32, ilipatikana Japani mwaka 1988, na leo hospitali kubwa zinaipima katika damu ili kujua kama mtu anayehema ana ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Kwa hiyo mwili unacho kitu cha kuitoa chumvi. Ubaya ni kwamba kina nguvu haba kulinganisha na upande wa pili. Mafuta ya mwilini yanapokuwa mengi, kiwango chake kinashuka, na tafiti za Marekani zinaonyesha watu weusi wanacho kidogo kuliko weupe. Kimeng'enya kimoja kinakikata haraka, na tangu 2015 kuna dawa ya moyo uliochoka inayokizuia kimeng'enya hicho, ikiunganishwa na dawa ya ukoo wa losartani. Bei yake sitaitaja, tusije tukapandisha presha ya watu.

Endotelini nitaipitia mbiombio. Masashi Yanagisawa na wenzake, Tsukuba, Japani, 1988: peptidi ya shanga 21 inayotolewa na utando wa ndani wa mishipa yenyewe, mbanaji mkali kupita hata anjiotensini, na ndugu wa karibu wa sumu ya nyoka mmoja wa Mashariki ya Kati anayechimba ardhini. Nyoka tena. Dawa inayoizuia kwa ajili ya presha sugu ilipata kibali Marekani mwaka 2024. Iko pia sindano, bado katika majaribio, inayoliambia ini lisitengeneze ile protini ndefu ya mwanzo, na nguvu yake inakaa miezi. Ikifaulu, nitafurahi kwa ajili ya wale wanaosahau vidonge.

Nimebakiwa na swali ambalo mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaingia: presha si ni ya mawazo? Hapa Kicukiro, penye ukumbusho wa Nyanza, mbele ya watu walionusurika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, siwezi kusimama nikasema mawazo si kitu. Nilisema kwamba figo inasikiliza mishipa ya fahamu. Hofu, kukosa usingizi na kumbukumbu inayorudi usiku vinapita njia hiyo, vinamwaga renini, vinafanya figo ishike chumvi. Wale wahamiaji wa Nairobi mioyo yao ilikuwa inapiga haraka, na nani atawalaumu, kijana mgeni katika jiji lile? Ila mzee, mawazo peke yake hayakupimi, wala kutokuwa na mawazo hakukuponyi. Wako watu wachangamfu, wanacheka harusini, presha yao ni 180 kwa 110. Kichwa hakiwaumi. Hawajui. Na mtu akianza dawa, kipimo kikasoma vizuri, akaacha kwa kuwa amepona, hajapona. Dawa ndiyo iliyokuwa inazishika peptidi zake, nazo zitarudi kazini kabla ya mwezi kwisha.

Abajyanama b'ubuzima, yaani wahudumu wetu wa afya wa jamii, wameweka mashine mbili nyuma ya ukumbi, na wale mnaokwenda mazoezini Jumapili ya barabara bila magari mnajua mtakuta nyingine huko. Tafadhali, kabla ya kupimwa nendeni kwanza mkakojoe, kisha mkae kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda uvishwe kwenye ngozi, si juu ya koti. Usizungumze na anayekupima, hata kama ni shemeji yako. Ukisoma 140 kwa 90 au zaidi usipaparike. Rudi siku nyingine upimwe tena, na ikirudia nenda kituo cha afya na kadi yako ya bima ya afya, ile ya mituweli. Mwenye swali la nyoka aulize sasa, kabla foleni haijaanza.